Baiskeli ya Umeme Si Pikipiki

Mwandishi anayetaka kila baiskeli ya umeme nchini Uingereza isajiliwe na kukatiwa bima amekosea shabaha. Vyombo anavyovilalamikia, vinavyochanja mbuga kwa kilomita 50 kwa saa huku pedali zimetulia, kisheria si baiskeli hata leo. Ni mopedi au pikipiki, na vinadai leseni, bima, usajili na helmeti. Sheria hiyo ipo na inavunjwa mchana kweupe. Nyingine itaongeza nini?

Baiskeli halali ina mota isiyozidi wati 250, ina pedali zinazoisukuma, na msaada wa mota hukatika ikikaribia kilomita 25 kwa saa. Mwendeshaji awe ametimiza miaka 14. Hata maandishi yaliyo kwenye baiskeli lazima yaonyeshe nguvu ya mota au aliyeitengeneza, pamoja na volti za betri au kasi ya juu.

Kwa nini basi mzee anayeitumia kupanda kilima kwenda dukani alipishwe kwa makosa ya anayeuza mota za wati 1,000? Muuzaji huyo ana duka na ana anwani. Afuatwe huko.