SAA ZA FUNDI ZIANDIKWE NA FUNDI



Siku hizi katika viwanda vingi bwana meneja akitaka kujua gharama ya matengenezo, hamwulizi tena fundi wake. Anaiuliza kompyuta. Ndani yake imo programu yenye ratiba ya kila mashine: pampu hii ifunguliwe kila miezi mitatu, mkanda ule ubadilishwe kila mwaka. Programu huchukua saa za kazi, ikazizidisha kwa idadi ya mafundi na kwa mshahara wa saa moja, ikaongeza bei ya spea na mafuta, kisha ikatoa jumla ya shilingi. Fedha za matengenezo ya mwaka mzima hupangwa kwa jumla hiyo.

Chama hakipingi jambo hili. Mashine isiyotengenezwa kwa wakati wake huua watu, na ratiba ni ngao yetu. Hata Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inaamuru lifti za kupandishia watu na mizigo zikaguliwe angalau kila miezi sita. Swali letu ni moja tu: zile saa zilizomo katika programu ziliandikwa na nani?

Kompyuta haijui neno ila lile iliyoambiwa. Tuseme imeambiwa kwamba pampu moja ni kazi ya mafundi wawili kwa saa nne, yaani jumla ya saa 8. Lakini fundi anajua kwamba kwanza umeme lazima uzimwe na swichi itiwe kufuli. Nati zimeshika kutu. Beringi inangojewa stoo. Na mwisho pampu ijaribiwe na sakafu isafishwe. Kazi inakwisha kwa saa sita, yaani jumla ya saa 12. Ikiwa kiwanda kina pampu 10, na kila moja hufunguliwa mara 4 kwa mwaka, basi saa 160 hazimo katika hesabu. Kwa Sh. 300 kila saa, hizo ni Sh. 48,000. Nani atazilipa? Ni fundi, kwa kufanya kazi ya jioni bila ovataimu. Au fundi huyo huyo, kwa kuacha kufuli ili awahi, akapoteza mkono.

Na sasa tuambiane ukweli. Baadhi yetu tunausaidia uwongo huu. Mtu amefanya saa sita, lakini katika kadi ya kazi anaandika nne, kwa kuogopa kuitwa mvivu. Kompyuta huiweka ile nne, na mwaka ujao meneja atasema, "Tazameni, ninyi wenyewe mmeandika." Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kwa hiyo Chama kinawataka wanachama wote wafanye haya:

1. Andikeni saa za kweli. Msipunguze, wala msiongeze, maana anayeongeza hutuharibia jina sote.

2. Andikeni sababu ya kuchelewa: kutu, spea, au kungoja umeme uzimwe.

3. Msiruke hatua yoyote ya usalama ili kutimiza saa za kompyuta.

4. Wawakilishi wenu waombe kuonyeshwa saa za kila kazi. Penye wafanyakazi 20 au zaidi, sheria hiyo hiyo inataka pawe na kamati ya usalama. Jambo hili lifikishwe huko, na baadaye kwenye mazungumzo ya mkataba.

Na kwa mabwana waajiri tunasema: hesabu ya uwongo haiwafai hata ninyi. Fedha mlizozibana mwezi wa Januari mtazitafuta mwezi wa Juni, mashine imesimama na wateja wako mlangoni. Waiteni mafundi wenu mketi nao kabla saa hazijaandikwa. Wao ndio washikao spana.

Umoja ni nguvu.

MHARIRI