Majina ya Lemera yawekwe mbele ya mahakama

Katika vita vyetu, askari gani anastahili kuchongewa sanamu? Hapa Sange swali hilo ni zito. Tangu 1996 bonde la Ruzizi limepitiwa na AFDL, RCD, Mai-Mai, majeshi ya nchi jirani na ya serikali, na kila mmoja alisema amekuja kutukomboa.

Marekani walikwisha kujaribu. Baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, miji mingi ya kusini ilisimamisha sanamu za askari wa upande ulioshindwa, nyingine mbele ya mahakama kabisa. Mjini Durham sanamu ya namna hiyo ilisimama tangu 1924 hadi Agosti 2017, waandamanaji walipoivuta kwa kamba ikaanguka. Mjukuu wa mtumwa aliyekwenda kudai haki alipita kwanza chini ya bunduki ya aliyepigania utumwa.

Sisi tuanzie Lemera, juu yetu milimani. Tarehe 6 Oktoba 1996 hospitali ilishambuliwa, wagonjwa wakauawa vitandani pamoja na wauguzi wao, zaidi ya watu thelathini. Daktari Denis Mukwege, aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo, aliwakumbuka Oslo alipopokea tuzo ya Nobel mwaka 2018. Ajabu ni kwamba vitabu vinaitaja Lemera kwa mkataba wa AFDL wa Oktoba hiyo hiyo.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili mkubwa nchini kati ya 1993 na 2003. Mengi hayajafika kwa hakimu yeyote.

Tunapendekeza jiwe tu, lenye majina ya waliouawa Lemera, familia zikikubali. Lisimame Uvira mbele ya mahakama, hakimu alipite kila asubuhi kama faili iliyoachwa wazi mlangoni.

Wapo watakaosema fedha hizo zinunue dawa. Ni kweli, na hatuna jibu la kuwatosheleza. Wengine watasema vita havijaisha. Hilo ndilo linalotuhimiza: mashahidi wa 1996 wanazeeka, baadhi yao wamekimbilia Burundi zaidi ya mara moja, na orodha wanayo vichwani. Ianze kuandikwa sasa, hata kwenye daftari la shule, kabla ya kumtafuta fundi wa mawe.