Vidonda vya moyo havifanani, visitibiwe kwa dawa moja

Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana kwa mabomu ndani ya mji wetu wa Kisangani. Ripoti ya Umoja wa Mataifa inasema raia kati ya 244 na 760 waliuawa, zaidi ya 1,000 walijeruhiwa, na nyumba zaidi ya 400 zilibomolewa. Walioumia moyoni hakuna aliyewahesabu.

Tangu mwaka 2023, mzozo kati ya Wambole na Walengola umeleta mjini familia zingine zilizokimbia panga na moto. Mtaani, wote wanapewa jina moja: wana trauma. Wengine wanasemwa wamerogwa, wanapelekwa kwenye chumba cha maombi. Hapo ndipo kosa linapoanza.

Mtu aliyekimbia wiki hii, anayetetemeka na kukosa usingizi, bado si mgonjwa. Anahitaji usalama, chakula, jamaa zake, na mtu wa kumsikiliza bila kumlazimisha asimulie. Wengi hupona hivyo.

Lakini yule ambaye baada ya majuma mengi bado anaona tukio kana kwamba linarudi, anakwepa kila kitu kinachomkumbusha, anashtuka hata mlango ukigongwa, huyo ni mgonjwa. Dawa za usingizi na pombe hazitamponya. Anahitaji tiba ya mazungumzo, arudie habari yake polepole pamoja na mtu aliyefundishwa kazi hiyo.

Kuna wa tatu: aliyeteswa au kubakwa mara nyingi, pengine tangu utoto. Huyu ana dalili hizo zote, na tena anajiona hana thamani, hasira inamshinda, hawezi kumwamini mtu. Shirika la Afya Duniani limetenganisha hali hii na ile ya pili katika orodha yake ya magonjwa inayotumika tangu 2022. Matibabu yake huchukua muda zaidi, na mara nyingi huanza kwa kujenga imani.

Tutaambiwa kwamba waganga wa akili ni wachache. Ni kweli. Lakini huko Kivu, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba wanawake waliobakwa walipata nafuu kubwa kwa tiba ya kikundi iliyoongozwa na wasaidizi wa vijijini, si madaktari.

Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325, na 225 kati yake ni kwa madhara waliyopata watu. FRIVAO, inayogawa pesa hizo, isiishie kulipa fidia mkononi: ilipie pia matibabu ya moyo. Nao waliokimbia mzozo wa Wambole na Walengola, ambao hawamo katika fidia hiyo, ni jukumu la serikali ya jimbo.

Tunaomba kila komine ya Kisangani iwe na kituo cha afya chenye mtu anayejua kutofautisha vidonda hivi. Asiyejua kidonda atatoa dawa gani?