Maji ya Mtandao Yajaa, Chombo Chetu Ki Ufuoni

Msafiri atokaye Amu kwenda kisiwa cha Pate hana budi kusoma maji kabla ya kusoma saa. Njia ya Mkanda, baina ya kisiwa cha Manda na bara, kwa miaka mingi haikupitika vyema ila maji yakijaa. Mwenye haraka na asiye na haraka wote walingoja. Nami siku hiyo nilikuwa nikingoja kule Mtangawanda, gatini, katika safari ya kurudi Mombasa baada ya matanga. Nitaeleza matanga yalikuwa ya nani, lakini kwanza nieleze niliyoyaona.

Niliwaona vijana watano au sita wamesimama kwenye ncha ya gati, kila mmoja ameinua simu yake juu kama mtu aangaliaye mwezi mwandamo. Nilimwuliza mmoja wao, "Mwatafuta nini, mwanangu?" Akanijibu, "Ami, twangoja mtandao ujae." Sikucheka. Neno lile alilolisema kwa mzaha lilinichoma, kwa maana ndilo lililokuwa limenipeleka Siyu nikiwa nimechelewa.

Wasomaji wapenzi, huu mtandao wa kasi tunaousikia kila siku haukuzuka jana. Wajapani ndio waliotangulia kuufungulia umma ule wa kizazi cha tatu, uitwao 3G, mwaka 2001. Wa nne, yaani 4G, ulianzia Stockholm na Oslo Desemba 2009. Hapa Kenya, kampuni ya Safaricom ilipata leseni ya 3G mwaka 2007, na Desemba 2014 ikaanza 4G katika miji ya Nairobi na Mombasa. Huo wa tano ukafanyiwa majaribio Machi 2021, na Oktoba 2022 ukaanza kuuzwa. Kila kizazi kimekuja na njia pana kuliko kilichotangulia: cha pili kilitosha maneno na barua fupi, cha tatu kikabeba picha, cha nne kikabeba sinema nzima mtu akiwa amekaa barazani.

Lakini mnara pekee si kitu. Mnara ni kama kisima: hutoa kilichomo chini yake. Kabla ya mwaka 2009 intaneti yetu yote ilipitia kwenye setilaiti, ghali na ya kusuasua. Mwaka huo waya wa TEAMS ulitandazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, na mwezi wa Julai waya wa Seacom nao ukaanza kazi. Mwaka wa pili yake ukafuata wa EASSy. Hebu tazama ramani, ndugu msomaji. Waya ule wa Fujairah umefuata njia ile ile waliyofuata mababu zetu na majahazi yao kwa pepo za kaskazi, wakileta tende na mazulia na kurudi na boriti za mikoko. Umepita katika bahari kuu iliyo mbele ya Pate, Siyu na Faza, ukaenda kutia nanga Mombasa. Zamani jahazi likipita hapa lilitua. Waya haukutua.

Kwa nini basi mtandao wa visiwani hujaa na kupwa? Sababu moja ni ya maumbile. Mawimbi ya redio hupenda kwenda moja kwa moja bila kizuizi. Yale marefu huenda mbali na hupenya kuta, lakini hubeba mzigo mdogo. Yale mafupi hubeba mzigo mkubwa, ila hayaendi mbali, na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, kama zilivyo nyumba zetu za kale, huyazima. Tena mnara wa kisiwani aghalabu haukufungwa kwenye waya. Hupokea kutoka mnara mwingine, nao kutoka mwingine tena, kama watu wapokezanao ndoo za maji. Mwisho wa mstari ndoo hufika nusu.

Sababu ya pili ni ya mfuko. Kampuni huhesabu vichwa kabla ya kusimika chuma. Mtaa mmoja wa Mombasa una wanunuzi wengi kuliko vijiji vyetu kadha wa kadha, na sisi tumetengwa na maji. Siwalaumu wafanyi biashara kwa kutafuta faida. Hiyo ndiyo kazi yao. Lakini sheria ya nchi hii, tangu marekebisho ya mwaka 2009, ilianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, na kampuni zenye leseni hutakiwa kuuchangia nusu ya asilimia moja ya mapato yao. Mfuko huo haukuwekwa kwa ajili ya Nairobi. Uliwekwa kwa ajili ya mahali ambapo hesabu ya faida haikubali, na sijui mahali panapostahili sifa hiyo kuliko kisiwa ambacho mja mzito hungoja maji yajae ndipo avushwe.

Wako waliotarajia mwujiza. Mwaka 2020 tuliambiwa mapurutangi ya kampuni ya Loon, yakielea kilomita 20 angani, yangemwaga 4G juu ya vijiji vya bara. Yalirushwa kweli, na mapema mwaka 2021 mradi ukafungwa. Tangu Julai 2023 huduma ya Starlink inauzwa Kenya, nayo hufika popote penye mbingu. Lakini sahani yake yataka fedha ambazo mvuvi wa mshipi hana. Kwa hivyo tusiangalie juu tukasahau haki yetu iliyo chini.

Sasa nirudi kwenye matanga.

Nilikuwa na shangazi yangu Siyu, mtu mzima aliyepita miaka 80. Hakujua herufi za Kizungu, lakini alihifadhi tungo za mama yake na za bibi yake: nyimbo za harusi, dua za kuwaaga wasafiri, na utendi mmoja mrefu wa wosia ambao sijapata kuusikia kwa mtu mwingine yeyote. Miaka 30 nimekuwa nikiandika magazetini habari za ushairi, na miaka yote hiyo nikisema, "Mwaka huu nitakwenda nikae naye, nimwandike." Hakuna mwaka niliokwenda na kalamu. Nilikwenda na halua, nikala wali, nikarudi.

Alipoanza kuugua, mjukuu wake, kijana wa sekondari mwenye akili, alimketisha ukumbini akamrekodi kwa simu, siku tatu, vipande vitano. Shangazi alimwambia, "Mwambie ami yako, mimi si redio, akitaka kunisikia naaje." Kijana akachukua pikipiki hadi Mtangawanda ili anitumie. Kipande cha kwanza kilinifikia, na cha pili. Cha tatu kilizunguka mchana kutwa hakikutoka. Bando likaisha, mtandao ukapwa. Akanipigia, "Ami, nitajaribu tena kesho." Kesho yake chombo alichopanda kilichapwa na mawimbi, simu ikaingia maji ya chumvi na haikuamka tena. Siku ya tisa shangazi akaitika mwito wa Mola wake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Nilifika nikakuta kaburi bichi.

Ninavyo vipande viwili. Utendi umekatika pale mama anapoanza kumweleza binti yake haki ya jirani. Linalofuata silijui, wala hakuna wa kuniambia.

Ningeweza kuilaani kampuni, na kwa wiki nzima niliilaani. Lakini Mtangawanda palinirudishia akili. Mtandao dhaifu ulininyima vipande vitatu. Uvivu wangu ulininyima miaka 30. Njia ya Mkanda ilikuwapo. Daftari lilikuwapo. Yule mzee alikuwapo, na alisema wazi: naaje.

Ndiyo sababu sikubaliani na makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wazee wenzangu wasemao kwamba heri mtandao usije, kwani utaleta uchafu na kuwapotosha watoto. Hofu yao ina haki; nami nimeyaona ambayo mzazi hapendi kuyaona. Lakini jahazi lililoleta tende ndilo lililoweza kuleta ulevi, na wazee wetu hawakuziba bandari. Walimtafuta nahodha mwaminifu, na wakasimama ufuoni kukagua shehena. Sisi ambao wahyi wa kwanza ulioteremshiwa Mtume wetu ulitaja kusoma na kalamu, hatuwezi kuwa watu wa kukimbia chombo cha elimu. Mtoto apewe simu pamoja na adabu ya simu, kama alivyopewa kisu pamoja na adabu ya kisu.

Kundi la pili ni la vijana wasemao kwamba mnara ukija basi tumeendelea. La, hasha. Mnara ni gati. Gati bila shehena ya wenyeji ni mahali pa kupokea vya watu tu. Mtangawanda ikipata kesho njia pana kama ya Mombasa, tutapakua nini? Sinema za Marekani, nyimbo za wengine, fitina za siasa. Na tutapakia nini?

Tunavyo vya kupakia. Pate ndiyo nchi ya Bwana Mwengo bin Athman, mtunzi wa Utendi wa Tambuka mwaka 1728. Ndiko alikozaliwa Mwana Kupona binti Mshamu, aliyemwandikia bintiye wosia mwaka 1858. Siyu katika karne ya 19 ilisifika kwa wanazuoni na kwa mafundi wa kunakili misahafu kwa mkono. Miswada mingi ya pwani hii leo imo London, katika maktaba ya SOAS, na baadhi ya kurasa zake zimepigwa picha na kuwekwa katika intaneti. Lakini picha za kurasa ni mzigo mzito. Kijana aliyeko Nairobi azifungua kwa kupepesa jicho. Mjukuu wa mwandishi mwenyewe, akiwa amesimama gatini, azingoja mpaka betri imlie. Huo, kwangu, ndio ubaya wa mtandao kwenda polepole: mwenye mali ndiye wa mwisho kuiona.

Wala hati yetu si kisingizio. Wasemao kwamba Kiswahili cha herufi za Kiarabu hakiandikiki katika simu wamekosea. Herufi za pe na che, walizoziazima wazee wetu kwa Waajemi, zimo katika mfumo wa herufi unaotumiwa na simu zote duniani. Kinachokosekana ni vidole vya kuziandika.

Tena tumekwisha kufanya kazi kama hii kwa chombo duni. Ustadh Mahmoud Mau wa Amu alitunga Wasiya wa Mabanati katika miaka ya 1970, na utungo ule ulienea kwa kanda za kaseti, mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Hakukuwa na mnara. Palikuwa na watu waliotaka kusikia na mtu aliyetaka kusema. Laiti wangalingoja kasi, wangalingoja mpaka leo.

Basi nina maombi matatu. Kwanza, viongozi wetu wa kaunti na wabunge wasiuombe mtandao kama sadaka. Waudai kwa Mfuko uliowekwa na sheria, waulize kwa maandishi ni kijiji gani cha Pate kimehesabiwa na kipi kimeachwa. Pili, kila chuo cha Kurani na kila shule ya visiwani iteue vijana wawili wa kwenda kwa wazee na kuwarekodi, na yaliyorekodiwa yaandikwe daftarini siku hiyo hiyo, na nakala ibaki nyumbani. Msingoje kuyatuma. Mei 2024 nyaya za Seacom na EASSy zilikatika baharini, na intaneti ya Afrika ya Mashariki yote ikazorota. Kilichoandikwa daftarini hakikudhurika. Tatu, sisi tulioko mijini, tuliokwisha kupata kasi, tuache kutumia kasi hiyo kama udhuru wa kutokwenda. Sauti ya mzee katika simu ni neema, lakini yeye mwenyewe alitaka mgeni.

Maji yalijaa saa ya alasiri, nahodha akaita, tukapanda. Wale vijana walibaki na mikono yao juu. Njiani, tukikata Mkanda, nilitunga beti hizi, nami nawaachia wao:

Mkondo umefunguka, maji yajaa bandari,
Vyombo vya watu vyafika, vimesheheni vizuri,
Chetu hakijaondoka, ufuoni chasubiri,
Tupakie kwa haraka, kupwa hakuna hiari.

Wazee wachukuliwa, yao yamo vifuani,
Nyimbo zasahauliwa, na tenzi zi kaburini,
Simu tumejaaliwa, zimelala mikononi,
Lipi linalongojewa, vijana wa visiwani?