Baiskeli ya kwanza ya BMX: tazama chuma, si rangi

Kuna jambo linalowaumiza vijana wetu hapa mtaani Kansanga. Wengi wanaona tairi za inchi 20 na rangi kali, wanatoa pesa, kumbe wamenunua baiskeli ya mtoto ya kuzungukia uani. Wakiruka nayo ngazi kidogo tu, mkono wa pedeli unapinda.

Kabla ya kulipa, igeuzeni baiskeli miguu juu. Mikono ya pedeli ikiwa ni chuma kimoja kilichokunjwa kutoka upande huu hadi ule, iacheni. BMX ya kuruka ina mikono miwili iliyofungwa kwenye ekseli yake, vipande vitatu. Kisha pitisheni kidole kwenye maungio yaliyochomelewa, hasa pale bomba la chini linaposhika shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba mara nyingi inaficha ufa. Fremu iliyotumika ya kromoli, yaani chuma cha aloi kilicho imara, ni bora kuliko mpya ya chuma laini.

Gia hazihitajiki. Breki ya nyuma inahitajika sana, hata kama magwiji wa kwenye video hawana.

Ggaba Road kwa teksi na boda zake si mahali pa kujifunzia. Badala yake, mtaa wa Kitintale una uwanja wa skateboard uliojengwa kwa kujitolea mwaka 2006. Nendeni mkawaulize wenyeji kwa heshima kabla ya kuingia na baiskeli. Na wazazi, tafadhali, kofia ngumu inunuliwe siku ileile ya baiskeli.