Nani anazuia watu wasikaribie ndege?

Mhariri,

Januari 10, 2025, ndege ndogo ya mafunzo iliangukia barabara kuu ya Mombasa–Malindi pale Kwachocha, ikaua watu waliokuwa chini. Lakini hatari haiji kutoka angani pekee. Hivi majuzi, kwenye kiwanja kimoja kidogo huku Pwani, nilimwona mtoto akimkimbilia babake aliyekuwa akishuka kwenye ndege, na pangaboi bado inazunguka. Ikishika kasi ni vigumu kuiona! Mama mmoja alimdaka kwa shati. Hapakuwa na kamba wala mlinzi. Imeniudhi mno. Mamlaka ya Usafiri wa Anga itujibu: ni kazi ya nani kuwazuia watu mpaka injini izimwe?

Msomaji wako,
Kibarani, Mombasa