Rubaya: nani anapima kilo za mgongo wa mama?

Kule Rubaya nilisikia mwenye shimo anamkaripia mama mmoja aliyeketi njiani na mfuko wake wa koltani: «Bamama beko bavivu, bijana banakupita!» Mama hakujibu, pumzi haikutosha. Na mimi siku ile nilikosa maneno.

Milima ya Rubaya, mu Masisi, iko karibu mita 2.000 juu ya bahari. Hewa pale ni nyepesi: oksijeni unayovuta imepungua karibu sehemu moja kati ya tano. Kila mtu anapoteza nguvu za kupanda, na kwa asilimia mwanaume na mwanamke wanapoteza karibu sawa. Basi anayesema mlima si wa wanawake anadanganya.

Tofauti iko ndani ya mwili, hata ukiwa chini. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo zaidi, na emoglobini, ile inayobeba oksijeni mu damu, imepungua karibu kumi kwa mia. Ongeza hedhi, mimba, malaria na bugali bila nyama: chuma kinaisha. Lakini mfuko wa kilo 50 haupungui! Kwa kijana wa kilo 75 na kwa mama wa kilo 55, huo si mzigo mmoja. Mama anamaliza pumzi yake yote, kijana anabakiza ya kuimba.

Bisie, mu Walikale, iko chini sana kuliko Rubaya. Hata hivyo wenye kubeba kasiterite zamani mu pori mpaka Njingala wanajua mfuko ule unafanya nini. Mwinuko unaongeza tu.

Tangu Aprili 2024 Rubaya iko mikononi mwa AFC/M23. Wataalamu wa ONU waliandika Desemba 2024 kwamba kodi za koltani ya pale zinawaingizia angalau dola 800.000 kwa mwezi. Kwa hiyo kilo zinahesabiwa, tena vizuri, ila kwenye mizani ya negosia.

OIT tangu 1967 inasema mwanaume asibebeshwe zaidi ya kilo 55, na mwanamke apunguziwe sana. Sisi tunaomba mizani ikae juu, kwenye shimo, mifuko iwe midogo, malipo yawe kwa kilo, si kwa mfuko. Vituo vya afya wapime damu ya wamama wenye kubeba na kuwapa vidonge vya chuma, havina bei kubwa. Na mwenye mimba asibebe kabisa: arete ya 2012 ilishasema chimbo lenye wajawazito kazini haliwezi kupewa rangi ya kijani.